Kuwinda mbuzi mwitu kwa upinde kwenye nyika kame ya Australia: mwongozo kamili

Safari yangu ya kwanza ya Cobar, mji wa magharibi mwa New South Wales, ilikuwa ya siku nne. Siku ya kwanza niliona mbuzi zaidi ya mia moja, na jioni nikawapigia simu jamaa wa Sydney waandae majiko. Siku ya nne nilirudi na mishale yangu sita vilevile nilivyokwenda nayo. Nilichokiona siku zote hizo ni makalio ya mbuzi yakipanda vilima.

Nikisimulia nyumbani watu hucheka. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu mbuzi hufungwa kamba kwenye mnazi, na akigoma kutoka unamvuta sikio. Sasa mbuzi anawindwaje? Anawindwa kwa sababu huyu wa huku hajawahi kufungwa kamba, wala mama yake, wala bibi yake. Anaweza kukuona ukiwa bado nusu kilomita, na upinde unakutaka umkaribie hadi mita 25. Karibu kila kitu nitakachoeleza hapa kinahusu namna ya kula huo umbali uliobaki katikati.

Naandika kwa ajili ya wenzangu tunaoishi Australia. Aliye nyumbani asome kwa starehe tu: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania huwindi bila leseni.

Beberu aliyeletwa na mabeberu

Mbuzi si mnyama wa asili wa Australia. Wa kwanza waliteremshwa Sydney mwaka 1788 na msafara wa kwanza wa meli za Waingereza, kwa hiyo huyu ni beberu aliyeletwa na mabeberu. Wachimba madini, mafundi wa reli na walowezi walitembea nao kwa ajili ya maziwa na nyama, kwa kuwa mbuzi anaishi mahali ambapo ng'ombe angekufa. Wengine walitoroka. Wengine waliachwa tu pale biashara za sufu ya mbuzi zilipoanguka. Leo wamo kwa mamilioni katika maeneo makame ya New South Wales, Queensland, South Australia na Western Australia.

Ukitazama ramani utaona jambo moja: wamejaa ndani ya ule uzio mrefu wa kuzuia dingo, mbwa mwitu wa Australia, wenye kilomita zaidi ya 5,000, na nje yake ni haba. Dingo anawamaliza. Panapokosekana dingo, jike hubeba mimba ya siku 150 hivi, mara nyingi anazaa mapacha, na mvua ikinyesha miaka miwili mfululizo vilima vinajaa.

Nchi ninayoijua mimi ni magharibi mwa New South Wales, kuanzia Cobar kuelekea Wilcannia kwa barabara ya Barrier Highway. Udongo ni mwekundu kama tofali, vilima ni vya mawe, na msitu ni wa mulga, mti wa ukoo mmoja na migunga yetu. Chini kuna mbigili. Ndiyo, mbigili ileile ya kwetu, inayotoboa ndala na godoro la upepo. Nilipoikanyaga mara ya kwanza nilijisikia nyumbani kwa sekunde moja hivi.

Ruhusa kabla ya upinde

Anza na sheria, kwa sababu kila jimbo lina yake. South Australia ilipiga marufuku kuwinda kwa upinde kuanzia Desemba 2024, na Tasmania nayo hairuhusu. New South Wales na Queensland bado zinaruhusu. Kwa New South Wales, ardhi ya umma iliyofunguliwa kwa uwindaji inahitaji leseni inayoitwa R-Licence pamoja na kibali cha maandishi cha eneo lenyewe. Ardhi ya mtu binafsi haihitaji leseni kwa mbuzi mwitu, lakini ruhusa ya mwenyewe ni lazima, na mimi huiomba kwa maandishi hata nikiwa nimeshakunywa naye chai. Hifadhi za taifa usiingie na upinde. Ule upinde wenye kitako na kifyatulio kama bunduki ni silaha iliyopigwa marufuku New South Wales bila kibali maalumu, basi usiununue mtandaoni ukidhani yote ni mipinde.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalielewi. Zamani mwenye shamba alimwona mbuzi kama panya mwenye pembe, na ukimwomba kuwinda alikufungulia geti kwa furaha. Siku hizi mbuzi ni fedha. Australia ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa nyama ya mbuzi duniani, na mteja wake mkubwa ni Marekani. Kuna mashamba yaliyovuka miaka ya ukame kwa kuuza mbuzi waliokamatwa tu, si kondoo. Kwa hiyo usimpigie simu mwenye shamba ukijinadi kwamba unakwenda kumsaidia kuua wadudu waharibifu. Muulize: bei ikoje sasa? Mnakamata lini? Niwaache majike? Wengi watakwambia chukua beberu mzee mwenye pembe ndefu, maana huyo sokoni hana thamani kubwa na anasumbua zizini. Baadhi watakuruhusu mbuzi wadogo wawili watatu wa kula. Kubali unachopewa.

Muulize pia mitego iko wapi. Wanajenga uzio kuzunguka maji na kuweka mlango wa kupanda upande mmoja tu: mbuzi akiingia kunywa hatoki. Mtu akipita karibu na mtego kama huo na jasho lake, anamharibia mwenzake wiki nzima ya kazi. Na mbuzi mwenye hereni sikioni, au aliye ndani ya uzio mzuri wa nyaya, si mbuzi mwitu. Huyo ni mali ya watu kama walivyo mbuzi wa mjomba wako.

Geti uliloliona limefungwa, lifunge. Uliloliona wazi, liache wazi, hata kama moyo unakwambia mtu amesahau.

Upinde, mishale na makali

Upinde wa kapi ndio unaotumiwa na wengi, kwa kuwa zile gurudumu mbili ndogo zinabeba sehemu kubwa ya uzito ukishauvuta hadi mwisho, nawe unaweza kusubiri mnyama ageuke bila mikono kutetemeka. Uzito wa kuvuta wa ratili 50 hadi 60 unatosha kabisa kwa mbuzi. Usinunue wa 70 kwa sifa. Kipimo changu ni hiki: kaa chini mavumbini, miguu mbele, uvute polepole bila kuinua upinde kuelekea mbinguni. Ukishindwa, punguza uzito. Upinde wa jadi usio na kapi nao unaua vizuri, ila unakutaka uwe mita 15, na hapo ndipo wengi tunapokoma.

Mshale wote, yaani wano (ule mti wake), manyoya na kigumba (ile ncha ya kukata), uwe na gramu 26 hadi 32. Mshale mwepesi unakwenda kasi lakini unasimama haraka kwenye mfupa. Kigumba kiwe cha kisu kisichofunguka, chenye makali mawili au matatu, na kinyoe nywele za mkono. Hii si methali: kinyoe kweli. Waata, wawindaji wa jadi wa kule Tsavo, waliangusha tembo kwa mipinde mizito sana na sumu kwenye ncha. Sisi hatuna sumu wala hairuhusiwi, kwa hiyo kazi yote inafanywa na makali. Mshale hauui kwa kishindo kama risasi. Unaua kwa kukata mishipa na mapafu, na kigumba butu kinasukuma mshipa pembeni badala ya kuukata. Kila kigumba kilichogusa ardhi kinolewe upya kabla hakijarudi podoni.

Vitu vingine: darubini ya 8x au 10x, ambayo ningeinunua kabla ya upinde wa bei, kipima umbali, chupa ndogo ya poda ya mtoto kwa ajili ya upepo, visu viwili, glavu za mpira, mifuko ya kitambaa ya nyama, na soksi nene za sufu. Faida ya soksi utaiona mbele.

Mazoezi ya kweli

Kupiga mishale 60 jioni ukiwa umesimama uwanjani kunajenga misuli, basi. Mbuzi hatakupa nafasi ya kusimama. Fanya mazoezi ukiwa umepiga goti, umekaa, umejikunja nyuma ya kichaka, unalenga kushuka bonde. Tumia vigumba vyenyewe vya kuwindia, kwa sababu vinaruka tofauti na ncha za mazoezi, na rekebisha upinde mpaka vyote vigonge mahali pamoja.

Zoezi lililonisaidia kuliko yote ni la mshale mmoja. Asubuhi kabla ya kazi, bila kupasha misuli, natoka nyuma ya nyumba na kupiga mshale mmoja tu kwenye duara la ukubwa wa kisosi cha chai. Kisha naandika. Umbali ambao mshale huo wa kwanza umeingia kisosini mara tisa katika kumi ndio umbali wako wa kuwinda. Wangu ni mita 28. Rafiki yangu anapiga mita 60 uwanjani kama anachomeka kijiti, lakini porini anajiwekea 35, na sababu ni hesabu: mshale wa mita 80 kwa sekunde unachukua theluthi ya sekunde kufika mita 25, na zaidi ya nusu sekunde kufika mita 50. Sauti ya upote, ile kamba ya upinde, inafika kabla ya mshale. Mbuzi aliyeshtuka anawahi kuinama na kugeuka ndani ya nusu sekunde, na uliyelenga mapafu ukapata utumbo.

Lini uende, na usife njiani

Nenda kati ya Aprili na Septemba. Kiangazi cha huko, Desemba hadi Februari, joto hupita 40 na nyama inaharibika kabla hujamaliza kuchuna. Julai usiku barafu hutanda kwenye kioo cha gari, basi beba blanketi la kweli, si lile la kwenye basi.

Kutoka Cobar hadi Wilcannia ni karibu kilomita 260 na hakuna mji katikati. Jaza mafuta kila unapoona pampu. Beba tairi mbili za akiba kama unaingia barabara za vumbi, na maji ya lita 10 kwa kila mtu kwa siku, ambayo ni pamoja na ya kunawa damu. Simu itapoteza mtandao muda si mrefu baada ya mji. Nunua au kodi kile kifaa kidogo cha kuomba uokoaji kwa setilaiti, ukisajili kwa jina lako, na ukibebe mwilini, si garini. Redio ya UHF ni muhimu pia: chaneli 40 ndiyo ya madereva wa malori, chaneli 5 na 35 ni za dharura, na mwenye shamba atakwambia anayotumia yeye. Mwachie ujumbe kila asubuhi: naelekea kilima gani, narudi saa ngapi. Gari likikwama, kaa nalo. Gari linaonekana kutoka angani. Mtu hafanani na kitu.

Mvua ikinyesha, hata ya milimita 10, udongo ule mwekundu unageuka sabuni na barabara hufungwa rasmi. Kuendesha kwenye barabara iliyofungwa kuna faini, na alama za matairi yako zitakaa pale mwaka mzima zikikusema. Subiri ikauke. Usiendeshe jioni wala usiku pia, kangaruu wanaruka mbele ya taa kama wameitwa.

Nyoka wa kahawia yupo, hasa Septemba joto linapoanza. Beba bandeji mbili pana za kubana. Ukiumwa, funga kiungo chote kwa kubana, tulia palepale, ita msaada. Usikate, usinyonye, usikimbie.

Kuwapata

Usitembee ovyo ukitarajia kukutana nao. Ratiba ya mbuzi inaeleweka. Alfajiri ya baridi wanakaa upande wa mashariki wa kilima wakiota jua. Saa mbili hadi saa nne asubuhi wanashuka wakila. Mchana wanalala kivulini, mara nyingi juu kwenye mawe ambako wanaona pande tatu, na jioni wanakula tena wakirudi juu. Wakati wa joto wanakunywa kila siku. Wakati wa baridi na majani mabichi wanaweza kukaa siku kadhaa bila kugusa maji.

Kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi mimi niko juu ya kilima kirefu kuliko vingine, nimekaa nyuma ya ukingo ili kichwa kisionekane dhidi ya anga, na darubini. Nakaa saa nzima. Natafuta vitu vyeupe, maana mbuzi wengi wana madoa, na natafuta mistari ya mlalo kati ya miti iliyosimama wima. Masikio pia yanasaidia. Mabeberu hugongana pembe, na vitoto vinalia. Siku ya utulivu unawasikia kilomita nzima.

Na pua. Beberu wakati wa kupandana anajikojolea ndevuni, na harufu hiyo inafika kabla yake. Ukiisikia, furahi: maana yake upepo unatoka kwake kuja kwako.

Kunyatia

Mabaharia wa kwetu wana maneno ya jambo hili: mbuzi awe joshini, upepo unakotoka, wewe uwe demani, unakoelekea. Kama upepo unakwenda kwake, acha. Zunguka kilomita tatu ukipenda, lakini usijaribu. Piga chupa ya poda kila baada ya hatua chache, kwa sababu kwenye vilima upepo wa asubuhi unashuka bonde na jua likipanda unageuka na kupanda. Saa ile ya kugeuka, kama saa tatu asubuhi wakati wa baridi, upepo hauna dini. Mimi hukaa chini, nanywa chai ya chupa, nasubiri utulie.

Kabla ya kuondoka kileleni, chagua mbuzi wako na chora njia kichwani: mti ule uliokatika, kisha jiwe jekundu, kisha korongo. Ukishashuka kila kitu kitafanana. Hesabu kundi lote pia. Anayekuharibia si yule unayemwangalia. Ni jike mzee aliyelala peke yake pembeni ambaye hukumwona, na kila kundi lina mmoja, mithili ya bibi anayekaa barazani akijua nani kapita na kabeba nini.

Hadi mita 100 unaweza kutembea umeinama, ukitumia korongo. Baada ya hapo vua viatu uvae zile soksi za sufu, mbili juu ya nyingine. Mawe ya kule yanalia chini ya buti kama vigae. Mbigili itakuchoma, vumilia, lakini usitukane kwa sauti. Sogea wakiwa wameinamisha vichwa kula, ganda wakiinua. Ukigundulika nusu nusu, yaani mmoja amesimama anakukazia macho, usifanye lolote. Usimtazame machoni, usijikune inzi. Nimewahi kuganda dakika 11 mguu mmoja ukiwa mbele, na mwishowe yule jike alipiga chafya na kurudi kula. Chafya ile kali ndiyo onyo lao: ikifuatiwa na kimya, una nafasi, ikifuatiwa na ya pili kutoka kwa mwingine, wameshaondoka.

Mara nyingi ni bora usiwafuate kabisa bali uwatangulie. Mbuzi hula wakitembea, na kundi likishachagua uelekeo halibadilishi kirahisi. Zunguka mbele, kaa kivulini nyuma ya mti wa mulga, kivuli kikufunike, waache wao ndio wamalize zile mita 50. Safari yangu ya tatu ndipo nilipolielewa hili, na ndiyo safari niliyokula nyama.

Kuvizia majini ni kazi ya siku za joto. Wenyeji huita tangi kile ambacho sisi tungekiita lambo, bwawa la kuchimbwa. Kaa demani, mita 20 kutoka kwenye njia yao ya kushukia, mapema kabla ya saa tatu. Usikae siku nzima: ng'ombe na kondoo wa mwenye shamba wanahitaji kunywa, na wakikuogopa wewe ndiye tatizo.

Mahali pa kulenga

Mbuzi amesimama ubavu, au bora zaidi ameelekea mbele kidogo akikupa mgongo kimshazari. Subiri mkono wake wa karibu usogee mbele. Fuata ukingo wa nyuma wa mkono huo kwenda juu hadi theluthi moja ya kimo cha mwili. Hapo kuna mapafu yote mawili na sehemu ya juu ya moyo. Mapafu ya mbuzi yako mbele zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo sogea karibu na bega, si katikati ya mwili.

Nilishakosea hapa, na sijasahau. Beberu mwenye manyoya marefu, mita 22, mchana mweupe. Manyoya ya chini ya kifua yalinidanganya kuhusu umbo, na hofu ya kugonga bega ikanisukuma nyuma. Mshale ulitoka na majani yaliyotafunwa. Nilimpata baada ya muda wa saa sita, akiwa bado hai. Tangu siku ile, beberu mwenye manyoya naanza kumvua manyoya kwa macho kabla sijavuta upinde.

Akikutazama uso kwa uso, usipige. Akikupa makalio, usipige. Wakisimama wawili mmoja nyuma ya mwingine, usipige, mshale utapita wa kwanza. Jike mwenye vitoto vinavyonyonya mwache kabisa. Ukiwa juu unalenga bondeni, pima umbali wa mlalo, si wa mteremko, vipima vya kisasa vinakufanyia hesabu hiyo. Fikiria pia mshale utatokea wapi upande wa pili.

Kufuata damu kwenye udongo wa damu

Ukishaachia, usiruke. Sikiliza: mlio wa kapu tupu ni mbavu, mlio wa maji ni tumbo. Mtazame mpaka apotee, kariri mti wa mwisho aliopita, tazama saa. Kisha nenda kwenye mshale.

Damu nyekundu ya kung'aa yenye povu ni mapafu: subiri nusu saa, utamkuta ndani ya mita 100. Damu nyekundu iliyokoza kama ya ini: saa moja na nusu, hata mbili. Mshale wenye majimaji ya kijani na harufu: saa nne au zaidi, na usimsukume, maana akilala atafia pale, akisukumwa atavuka vilima vitatu.

Shida ya nchi ile ni rangi. Damu juu ya udongo mwekundu haionekani. Usitazame chini tu. Tazama pembeni mwa majani, shina la mulga kwenye kimo cha ubavu, jiwe jeupe. Ninabeba chupa ya haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa: nyunyiza kwenye doa unalolishuku, ikitoa povu ni damu. Karatasi za chooni naziacha kwenye kila tone la uhakika, nikigeuka nyuma zinanionyesha mstari. Sisimizi na inzi nao hawakosei. Karatasi uzikusanye ukirudi.

Kuchuna, nyama na homa ya Q

Kabla hujagusa mnyama, lijue hili. Mbuzi hubeba bakteria wa homa ya Q, ambaye binadamu humvuta kwa hewa na vumbi, na kwa wengine ugonjwa huo huacha uchovu wa miezi au kuudhuru moyo. Hatari kubwa ni kondo la nyuma na maji ya uzazi. Australia kuna chanjo yake. Daktari atakupima damu na ngozi kwanza, kisha urudi baada ya wiki hivi, kwa hiyo anza angalau mwezi mmoja kabla ya safari. Porini vaa glavu na barakoa, na jike mwenye mimba usimpasue tumbo.

Kwa Waislamu: mtaje Mwenyezi Mungu unapoachia mshale, na ukimkuta bado yu hai mchinje. Aliyetumbukia lamboni akafia majini, mwache. Kuna hadithi ya ngamia aliyetoroka akapigwa mshale, na wanazuoni wengi wanaitegemea kumhesabu mnyama wa kufugwa aliyegeuka mwitu kama mawindo. Wamaliki wana msimamo mwingine. Muulize shehe wako kabla ya safari, si nyama ikiwa tayari kwenye jokofu.

Mchune hapohapo, kivulini. Mkono ulioshika manyoya ya beberu usiguse nyama, hiyo ndiyo siri yote ya nyama isiyonuka. Mimi hufanya hivi: kulia kunashika ngozi, kushoto kunashika nyama, mpaka mwisho. Toa mapaja, mikono, sarara na shingo bila kufungua tumbo, tia kwenye mifuko ya kitambaa, tundika mahali penye upepo hadi joto la mwili litoke, kisha weka kwenye boksi la barafu huku tundu la maji likiwa wazi. Nyama inayoelea majini inaoza. Jike wa kilo 35 atakupa mzoga wa kilo 14 au 15 hivi. Kama utafungua tumbo ili upate ini, likague: likiwa na madoa meupe au uvimbe, acha lote. Nyama ya kuwinda hivi huruhusiwi kuiuza, ya kula na kugawa tu.

Mabaki yavute mbali na maji na barabara, na umwambie mwenye shamba yako wapi, wangapi, na kama umeona bomba linavuja au kondoo aliyenasa matopeni. Mara ya pili nilipompigia, hakuniuliza mimi nani. Aliuliza kama bado nina lile boksi kubwa la barafu, maana kuna beberu mmoja mwenye pembe zilizopinda anayemvunjia uzio wa bustani ya mkewe.

Mwanambuzi hupikwa kama mbuzi yeyote. Beberu mzee mkatie mafuta yote, mlaze usiku na tangawizi, kitunguu saumu na papai bichi, kisha supu ya moto mdogo kwa muda wa saa nne. Mishkaki usijaribu. Mimi nilijaribu, tukatafuna hadi isha.